Taa ya injini ikiwaka njia ya Garissa: kisomaji cha simu kitakwambia nini, na kipi hakitakwambia

Juma hili siasa naiweka kando. Tangu nirudi Garissa watu wananiuliza jambo moja: kile kidude kinachochomekwa chini ya usukani kikasema na simu, ni kweli kinaujua ugonjwa wa gari, au ni mchezo tu wa kula pesa za watu? Jibu langu ni refu kidogo, na mlangoni baada ya Isha halimaliziki, ndiyo maana naliandika.

Mwezi wa Shaaban tulitoka Mombasa alfajiri kwenda Garissa, harusini kwa shemeji yangu. Gari ni Probox yangu ya petroli. Ndani mna mke wangu, mama mkwe, watoto wawili na masanduku ya nguo kana kwamba tunahama. Malindi tukapita, Garsen tukanywa chai, Hola tukaswali Adhuhuri. Tulipokwisha kuipita njia panda ya Bura, taa ya injini ikawaka, ile ya manjano yenye picha ya injini, na gari likaanza kutetemeka kila nikipunguza mwendo.

Aijuaye njia ile hahitaji kuelezwa. Kulia kwako kuna miti ya mto Tana, kushoto ni nyika mpaka macho yachoke. Mtandao wa simu unakuja na kuondoka. Gereji hakuna, na jua likishatua si mahali pa mtu kukaa kando ya barabara na familia yake. Mama mkwe akauliza kwa upole, "Mwanangu, tutafika?"

Nikasimama mahali peupe, nikatoa kisomaji kwenye droo ya dashibodi, nikakichomeka. Simu ikaonyesha msimbo P0171. Nikatazama joto la maji ya injini: nyuzi 92. Nikatazama umeme: volti 14.1, maana yake jenereta inachaji. Taa yenyewe imetulia, haimetimeti. Nikamwambia, "Tutafika mama, inshallah, ila polepole." Tukaenda kwa kilomita 60 kwa saa, tukaingia Madogo kabla ya Magharibi, tukavuka daraja.

Kile kidude hakikutengeneza chochote siku ile. Kilinijibu swali moja, nalo ndilo swali lenye thamani katika kaunti zile za Garissa, Wajir na Mandera: niendelee, au nigeuke sasa hivi kungali na mwangaza?

Kidude chenyewe

Gari la kisasa lina kompyuta inayosikiliza sensa nyingi: ya joto la maji, ya hewa inayoingia, ya oksijeni kwenye moshi, ya mzunguko wa kranki. Sensa ikileta habari isiyoingia akilini, kompyuta huandika msimbo katika kumbukumbu yake na kuwasha taa. Msimbo ni herufi moja na tarakimu nne. Mafundi wetu huuita "kodi", na mzee mmoja mtaani kwetu aliniuliza kama serikali sasa imeanza kutoza mpaka ndani ya injini. Mimi nitasema msimbo, nisiwatie watu hofu.

Chanzo chake ni moshi wa California. Kutokana na juhudi za kule, Marekani ikalazimisha magari madogo mapya yote, kuanzia modeli za mwaka 1996, yawe na mfumo mmoja uitwao OBD-II: tundu la umbo moja lenye pini 16, na misimbo inayosomeka kwa kifaa cha kampuni yoyote. Ulaya wakafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na ya dizeli 2004. Magari ya Japani ya soko la nyumbani kwao, ambayo ndiyo tunayoyaona bandarini Mombasa, yana ugeugeu. La miaka ya 1990 waweza kulikuta na tundu lenye umbo lile lile na kisomaji kisisikie hata neno. Zamani mafundi waliunganisha matundu mawili kwa waya, wakahesabu taa inavyokonyeza. Wanaojua bado hufanya hivyo. Wewe usijaribu kwa kubahatisha, maana tundu moja kati ya yale 16 lina umeme wa betri moja kwa moja, na ukiligusisha na tundu la ethi umeunguza.

Afueni yetu ni kwamba kiwango cha KEBS, KS 1515, hakiruhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo gari lililoletwa miaka hii ya karibuni, ukichomeka kisomaji, kwa kawaida litajibu.

Lakini ukifika Garissa utakutana na Land Cruiser nyeupe kila kona, zile za kubeba watu na maji na mbuzi. Nyingi zina injini ya 1HZ, dizeli ya zamani ambayo pampu yake huendeshwa kwa vyuma, bila kompyuta ya kuiamuru. Dereva mmoja aliponiona na kidude changu alicheka. "Walaal, hii yangu haijasoma shule." Alikuwa na haki. Kwa gari lile, masikio ya fundi ndiyo kisomaji. Na sishangai kwamba watu wa huko wanalipenda: kisicho na sensa hakiharibikiwi sensa.

Jingine la kuchunga ni lori. Malori mengi yanayokwenda Wajir na Mandera yana umeme wa volti 24, na baadhi ya yale ya Kijapani yana tundu lile lile la pini 16. Kisomaji cha bei rahisi kimetengenezwa kwa volti 12. Ukikichomeka pale, huenda ukasikia harufu kabla hujaona msimbo.

Kununua na kuunganisha

Ndani ya vidude hivi mna chipu inayoiga ELM327, iliyobuniwa na Elm Electronics ya Kanada, kampuni ambayo ilifunga shughuli zake mwaka 2022. Vinavyouzwa mitaani kwa bei ya chini karibu vyote ni nakala. Sandukuni utaona imeandikwa v1.5 au v2.1. Elm hawakutoa kamwe toleo la 1.5, kwa hivyo chenye namba hiyo ni nakala bila shaka. Ajabu ni kwamba nakala hizo za 1.5 mara nyingi hufanya kazi vizuri kuliko nyingi zilizoandikwa 2.1, ambazo zimepunguzwa baadhi ya lugha za kusemezana na magari. Mimi nilinunua changu mjini Mombasa kwa shilingi 1,500, na nilimwambia muuzaji wazi: twende tukijaribu garini kwangu, kikikataa nakurudishia. Usione haya kusema hivyo. Gari moja hukubali, jingine likakataa kidude kile kile.

Simu yako ni ya aina gani? Hilo ndilo la kuuliza kabla ya kutoa pesa. Ukiwa na Android, nunua cha Bluetooth cha kawaida. Ukiwa na iPhone, cha Bluetooth cha bei rahisi hakitaonekana kabisa. Utahitaji cha Wi-Fi, au kile chenye Bluetooth ya aina mpya inayotumia nguvu kidogo, na sandukuni lazima iwe imeandikwa kwamba kinafanya kazi na iPhone.

Tundu liko chini ya dashibodi upande wa dereva, karibu na magoti yako. Huwa limefichwa na kifuniko cha plastiki. Gari likiwa limezimwa, chomeka taratibu. Linaingia upande mmoja tu, ukilazimisha utakunja pini. Halafu zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, injini isiwake bado. Kwenye simu fungua Bluetooth, tafuta jina OBDII, na nywila ikiombwa andika 1234, ikikataa 0000. Kisha fungua programu, Torque au Car Scanner zinatosha, uende kwenye mipangilio yake ukachague kile kidude kwa jina. Hapa ndipo wengi hukwama: simu imeshaungana na kidude, lakini programu haijaambiwa itumie kipi, na mtu anarudisha mali dukani akisema mbovu. Cha Wi-Fi utakiunga kama unavyounga mtandao wa nyumbani, na programu ikiuliza anwani andika 192.168.0.10, na mlango 35000. Jua kwamba simu ikishaunganishwa hivyo, intaneti yako huenda ikakatika mpaka umalize.

Kwa sababu hiyo hiyo, programu ipakue ukiwa mjini, uifungue na kuijaribu ukiwa mjini. Nimemkuta kijana mmoja Hola ana kidude kipya mkononi na hana programu, anazunguka kituo cha mafuta akitafuta mtandao.

Kusoma unachoandikiwa

Herufi ya kwanza inakwambia mahali. P ni injini na gia. C ni chasisi, kwa mfano breki za ABS. B ni bodi, pamoja na mifuko ya hewa ya ajali. U ni mawasiliano baina ya kompyuta zenyewe. Vidude vya bei rahisi vinasoma zaidi P. Taa ya ABS au ya mfuko wa hewa ikiwaka, usishangae simu ikasema gari ni zima.

Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, msimbo huo ni wa wote na maana yake ni moja kwa Toyota na Nissan na Mazda. Ikiwa 1, aghlabu ni wa kampuni yenyewe, na maana unayoipata ovyo ovyo mtandaoni huenda ikawa ya gari la mtu mwingine. Tarakimu inayofuata inataja kundi: 1 na 2 ni mafuta na hewa, 3 ni cheche, yaani plagi na koili, 4 ni mambo ya moshi, 7 ni gia.

Programu pia itakuonyesha misimbo inayosubiri, ambayo kompyuta imeishuku lakini haijawasha taa. Hiyo mimi huitazama siku moja kabla ya safari ndefu. Ni afadhali ushukiwe Mombasa kuliko uhukumiwe Masalani. Kuna na kitu kizuri ambacho wengi hawakifungui: kompyuta huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa wakati ule kosa lilipotokea, mwendo wa gari, joto, mzigo wa injini. Ipige picha ya simu umwonyeshe fundi.

Taa yenyewe ina lugha yake kabla hata hujachomeka kitu. Ikiwaka ikatulia, una nafasi ya kufikiri. Ikimetimeta, injini inakosa moto kwa namna inayoweza kuichoma katalisti kwenye bomba la moshi. Punguza mguu na utafute pa kusimama. Msimbo utakuwa P0300, au P0301 hadi P0304 ukitaja silinda.

Kile kibomba cha mpira

Sasa nirudi kwenye P0171. Maana yake kwa Kiswahili chepesi: hewa imekuwa nyingi kuliko mafuta. Basi. Msimbo hautaji kifaa cha kununua, na hili ndilo ninaloomba wasomaji walishike hata wakisahau mengine yote.

Nalisema kwa uchungu, maana msimbo huo haukuwa mgeni kwangu. Miezi miwili kabla ya safari taa iliwaka nikiwa mjini. Nikaenda gereji moja, nisiyoitaja, nikalipa shilingi 2,000 ya kupimwa kwa mashine. Kijana akasoma P0171, akasema sensa ya oksijeni imekufa. Sensa ikawa shilingi 8,500 na kazi juu yake. Akafuta msimbo, taa ikazima, nikatoka nikimshukuru. Sensa ile haikuwa na kosa. Ilikuwa inasema kweli kwamba hewa imezidi, nasi tukamwadhibu shahidi.

Asubuhi ya pili Garissa shemeji yangu alinipeleka kwa fundi wake, mzee wa Kisomali anayefanya kazi chini ya mwarobaini si mbali na Soko Mugdi. Nikamwonyesha simu. Hakudharau, lakini hakuisujudia pia. Akaniambia nionyeshe namba za mafuta injini ikiwa inanguruma imesimama. Programu huzionyesha kwa herufi STFT na LTFT: ni asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta ili mchanganyiko uwe sawa. Ikiwa ndani ya kumi juu au kumi chini, hakuna la kukesha nalo. Zangu mbili zikijumlishwa zilipita 25 juu. Akasema, "Kanyaga, shika hapo." Nikakanyaga mpaka mizunguko 2,500, namba zikateremka zikawa karibu na 6.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari ya jirani. Mantiki yake ni hii, na haitaki cheti. Injini ikiwa imetulia inavuta hewa kidogo sana, kwa hivyo tobo dogo linaloingiza hewa ya wizi linakuwa sehemu kubwa ya jumla. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani. Ingekuwa kinyume, namba nzuri gari likiwa limetulia na mbaya likibeba mzigo, angetafuta pampu ya mafuta iliyochoka, chujio lililoziba, au sensa ya hewa yenye vumbi.

Akachukua kipande cha mpira mrefu, mdomo mmoja sikioni, mwingine akiupitisha nyuma ya injini. Hakukawia. Kulikuwa na kibomba cha mpira, kinene kama kidole, kile kinachorudisha hewa ya ndani ya injini kwenye mlango wa kuvutia. Kimepasuka upande wa chini, pasipoonekana. Akakibana kwa vidole na gari likatulia pale pale, kama mtoto aliyepewa ziwa. Kipande kipya kikakatwa kwenye mpira wa mafuta, shilingi 150, na yeye akataka 500 ya kazi. Nikampa 1,000 na bado nikaona namdhulumu.

Alinieleza kwamba joto la kule ndilo linalomaliza mipira. Mchana nyuzi 35 na zaidi ni kawaida, na chini ya boneti ni tanuri. Gari la Mombasa linakufa kwa kutu, la Garissa mipira yake inakauka ikakatika.

Joto, vumbi na mtungi wa mafuta

Kwa hivyo ukisafiri huko, namba ya kwanza kuiweka kwenye skrini ni joto la maji. Vitz na gari dogo dogo nyingi hazina mshale wa joto kabisa, ila taa ya buluu ya baridi na nyekundu ya hatari, na nyekundu ikiwaka umeshachelewa. Hata zenye mshale, mara nyingi mshale umetengenezwa usimame katikati muda mrefu usimtishe dereva. Kisomaji kinakupa namba yenyewe. Baina ya 85 na 100 nenda zako. Ukiona 105 na inapanda, zima kiyoyozi, punguza mwendo. Ikipita 110, simama. Usifungue kifuniko cha rejeta kwa haraka. Watu wameungua nyuso.

Kuna mtego hapa. Sensa ya joto inapima maji. Maji yakishamwagika yote, inabaki hewani na huenda ikaonyesha namba ya chini huku injini inaiva. Namba ikiporomoka ghafla bila sababu wakati gari linanguruma vibaya, amini pua na masikio, simama utazame rejeta.

Kwa dizeli za kisasa, hizi Hilux na Prado zenye kompyuta, msimbo wa kuujua ni P0087: shinikizo la mafuta limekuwa dogo. Mbali na miji mafuta huuzwa kwa mitungi, na huwezi kujua mtungi ulibeba nini kabla yake. Kabla hujakubali kuambiwa pampu imekufa, ambayo bei yake ni ya kuuza ngamia, badilisha chujio la dizeli. Mimi ningesafiri na chujio la ziada hata kama gari ni zima.

Vumbi nalo huleta P0101, sensa ya hewa. Toa chujio la hewa ulikung'ute, utazame kama limekaa sawasawa. Waya wa sensa ile ni mwembamba kama unywele; husafishwa kwa dawa yake ya kupuliza, usiuguse kwa kitambaa wala kidole. Na mwenye gari lililopita majini, kama wengi walivyojikuta mafuriko ya Novemba 2023 yalipofunika barabara baina ya Madogo na Garissa na watu wakavushwa kwa boti, asishangae kuona misimbo sita isiyohusiana. Sita kwa mpigo, hasa yenye herufi U ndani yake, aghlabu ni unyevu kwenye viungo vya waya au betri dhaifu. Kausha viungo kwanza. Betri nayo ina namba yake: gari likiwa limezimwa tangu usiku, 12.6 ni nzima, likinguruma, 13.5 hadi 14.7. Magari mapya mengine hupunguza chaji kwa makusudi, kwa hivyo usiogope ukiona imeshuka kidogo kwa dakika chache.

Kufuta msimbo

Programu zote zina kitufe cha kufuta. Kitamu sana kukibonyeza, na taa inazima kweli. Lakini ukifuta unapoteza ile picha ya hali niliyoitaja, na fundi wa mbele anaanza upofu. Andika msimbo, piga picha, tengeneza, ndipo ufute. Taa ikirudi siku ya tatu, ugonjwa haukuguswa.

Kufuta ndiko pia wauzaji wengine wanakotutilia mchanga wa macho. Unaletewa gari, taa zote zimezima, kumbe limefutwa kabla hujafika. Chomeka kisomaji chako utazame mambo mawili: kilomita zilizopita tangu misimbo ifutwe, na vipimo vya ndani ambavyo kompyuta hujifanyia yenyewe. Ukikuta kilomita 3 na vipimo vingi havijakamilika, muulize muuzaji leo asubuhi alikuwa anafuta nini. Anaweza akawa na sababu ya kweli, kama kubadilisha betri. Msikilize, ila usitoe pesa siku hiyo.

La vizuizi

Jambo la mwisho ni la njia ile hasa. Kutoka Garsen hadi Garissa, na zaidi ukielekea Dadaab au Wajir, utasimamishwa na maafisa wa usalama, na wana sababu zao. Watu wamekufa kwa mabomu ya kando ya barabara. Kidude chenye taa inayomeremeta chini ya usukani, na simu yenye namba zinazocheza, si kitu cha kumkuta nacho askari aliyekesha. Mimi hukichomoa kabla ya kufika kizuizini. Nikichelewa, humwambia afande mwenyewe kabla hajauliza, nikamwonyesha. Dereva asikitazame akiendesha; mpe aliye kando yako, mwanangu wa miaka kumi na mbili anaisoma joto kama mtangazaji wa redio.

Kukichomoa kuna faida nyingine. Tundu lile lina umeme hata gari likizimwa, na kidude kinaendelea kunyonya. Ukiliacha gari majuma mawili kwa umra na kidude kimebaki ndani, utarudi kwenye betri iliyokufa. Cha Wi-Fi aghlabu hakina hata nywila, yeyote aliye karibu anaweza kukiingia.

Siku ya kuondoka nilimwachia yule mzee kisomaji changu, na kijana wake ana Android. Nimenunua kingine. Juzi alinipigia simu: Probox ya wachukuzi wa mirungi imezimika njiani ikakokotwa mpaka kwake, simu inasema P0335, sensa ya kranki, na mwenye gari anataka inunuliwe Nairobi leo leo. Nikamuuliza yeye aonaje. Akasema kwanza anafuata waya mpaka mwisho, maana upande ule panya wameingia.